Milima ya Mirihi Yafinyangwa Naipingo

Saa moja asubuhi, Dionisia Saturnini ameketi mkekani nyuma ya nyumba yake kijijini Naipingo, wilayani Nachingwea, akifinyanga sayari ya Zebaki kwa mara ya pili.

Mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minane amezoea kufinyanga vyungu vya kuuza mnadani. Sayari amezianza Juni hii ya mwaka 2004, kwa ajili ya mjukuu wake Albina, aliyepoteza uwezo wa kuona alipougua surua utotoni.

Albina yuko darasa la sita katika shule ya bweni huko Ruangwa. Alirudi likizo akasema hataki tena shule. Wenzake walilinganisha milima na mabonde ya sayari kwa kutazama picha. Yeye alisubiri kipindi kiishe.

“Niliumia,” anasema Dionisia. “Nikamwambia, picha siiwezi, lakini mlima naweza kukuwekea mkononi.”

Mwalimu Evarist, anayemfundisha Albina, aliwapa vipimo. Dionisia akafinyanga Kilimanjaro yenye kimo cha kidole gumba, na kando yake volkano ya Mirihi, karibu mara nne ya kimo hicho. Upana wake halisi ungejaza ua wote, hivyo aliupunguza.

Ikafuata Zebaki na kasoko zake, yaani mashimo yaliyochimbwa na vimondo. Hapo mazoea yakamponza. Mfinyanzi wa huku hachomi chombo kabla ya kukisugua kwa jiwe la mtoni hadi kiteleze. Aliisugua Zebaki vivyo hivyo, kingo zote za kasoko zikalala, kisha akaichoma.

Albina aliipapasa, akacheka. “Bibi, hiki ni chungu kisicho na mdomo!”

“We mtoto, ungesema kabla sijamaliza kuni zangu!”

“Si umenipa imeshaiva?”

Tangu hapo Albina hukagua udongo ukiwa mbichi. Leo anapitisha vidole kwenye mteremko mpole wa mlima wa Mirihi uliokwisha kuchomwa, kisha kwenye ukingo wa kasoko.

“Hapa acha, Bibi. Usiguse tena.”

Shule inafunguliwa Jumatatu, na Albina hajasema kama atarudi. Dionisia anapanga kufinyanga seti nyingine kwa ajili ya wanafunzi wote wasioona shuleni hapo, mjukuu wake arudi asirudi.

“Hizi kwenye basi hazitavunjika?” Albina anauliza.

“Mtu akizipakata, zitafika.”

Albina anautafuta mlima wa Mirihi, anauweka mapajani.

“Basi nitazipakata mimi.”