Flashi ya Matanga

Mama Kaswera alikuwa mwanamke wa hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Aliuza maharagwe ya jumla katika soko kuu la Kisangani, magunia yakimjia kwa lori kutoka Butembo alikozaliwa, na wateja walijua kwamba ukilalamikia kipimo chake utasikia historia ya ukoo wako mbele za watu. Lakini nyumbani kwake, Kabondo, kulikuwa na kitu kimoja alichokigusa kwa upole: kompyuta ya mezani aliyoiacha mumewe, mwalimu Mumbere Édouard.

Aliifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, maua mekundu na pindo la buluu. Mtu asile karibu nayo. Mtu asiiguse kwa mikono ya mafuta. Akitoka kwenda sokoni, sebule ilifungwa kwa kufuli na ufunguo ukaingia kifuani. Kwa Kaswera, huo ndio ulikuwa ulinzi wote, na kwa kweli vumbi halikupata nafasi.

Mwalimu alifariki mwezi wa pili, moyo ulimsimama huku akisahihisha mitihani. Ubaya wote ninaousimulia hapa ulianzia kwenye matanga yake, mbele ya watu zaidi ya mia, mchana kweupe.

Mji huu una desturi yake. Mtu akifa, picha zake hukusanywa kwa kila ndugu, ili zichapwe kwenye fulana za msiba na zioneshwe kwenye skrini uani. Kila mmoja huja na flashi yake, na kukataa flashi ya mfiwa ni sawa na kumnyima kiti. Siku ya tatu ya matanga, umeme wa bwawa la Tshopo ulirudi saa nane mchana, na sebule ikajaa watu wenye flashi. Annette, binti pekee wa marehemu, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta akizipokea moja moja. Zilipita kumi na kitu bila neno. Ilipofika ya Kasereka, mdogo wa marehemu, kidirisha chekundu kikatokea kwenye skrini. Antivirusi ilikataa kuifungua.

"Mama Annette," Kasereka akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "mashini yako inakatala picha ya grand frère yangu? Ata siku ya kumulilia?"

Watu wakageuka. Kaswera alikuwa hajala siku mbili, na aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mama, inasema iko na virusi," Annette akanong'ona. "Tuache kwanza hii, tutaangalia nyuma ya matanga."

"Papa yako iko ndani ya ile flashi. Zima iyo kitu."

Annette akasita. Kaswera akamsukuma begani, akashika kipanya mwenyewe, na kwa mkono wake mwenyewe akaizima antivirusi. Picha zikafunguka: Édouard kijana, suruali pana, amesimama kwenye mawe ya maporomoko na kofia mkononi. Wanawake wakaangua kilio. Kasereka akalia kuliko wote, na nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu alilia vizuri. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha antivirusi tena.

Siku arobaini zilipopita, Kasereka alianza kuonesha meno. Akasema nyumba ya Kabondo ni ya ukoo, ukoo umteue yeye kuwa likidateri wa mirathi, yaani msimamizi wa mali yote iliyoachwa, naye atajua la kufanya. La kufanya lilijulikana: mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili kupima ukuta kwa hatua. Kaswera, aliyeinunua parseli ile, kiwanja na nyumba yake, pamoja na mumewe, gunia kwa gunia, alikataa. Akatafuta wakili wa kuiomba mahakama imteue yeye. Wakili akamwambia alete mashahidi wanaojua kwamba parseli ilinunuliwa na mume na mke pamoja, na kila jambo amwandikie kwa barua pepe, asije ofisini kumpigia kelele.

Basi jioni baada ya soko, umeme ukiwapo, Kaswera aliandika kwa vidole viwili huku Annette kando yake akimsahihishia Kifaransa. Aliandika kwamba atamleta Papa Mahmoudi, fundi aliyechimba msingi wa nyumba. Siku ya pili akaenda kwa Mahmoudi. Mahmoudi akatazama chini. Kasereka alikuwa amepita asubuhi, na fundi ghafla hakukumbuka msingi wowote. Kaswera akaandika jina la jirani wa zamani, mwanamke aliyeshuhudia mkataba. Jirani naye alikwisha kutembelewa, na mlango wake haukufunguka.

Damu ya Kaswera ikachemka. Barua zile zilijulikana na watu watatu: yeye, wakili, na Annette. Wakili hakuwahi kukutana na Kasereka. Annette alikuwa kipenzi cha Kasereka, tonton wake, yaani baba yake mdogo, tangu utoto; ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Tena mega za intaneti, ambazo kompyuta ilizipata kupitia simu ya Kaswera, zilikuwa zinayeyuka. Kaswera alinunua za wiki nzima, siku ya pili zimekwisha, na alipouliza, binti akaapa kwamba hatazami video.

"Unamupelekea tonton yako maneno ya hii nyumba," Kaswera akamwambia, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, sijamuambia kitu. Naapa kwa kaburi ya papa."

"Usitaje papa. Unauzisha nyumba yake."

Annette alilia, akapiga magoti, akaomba mama yake aichukue simu na kusoma kila ujumbe. Kaswera hakuigusa hata hiyo simu. Alimwambia aende akaishi kwa tonton wake, kwa kuwa ndiko moyo wake uliko. Annette hakwenda kwa tonton. Alipanda pikipiki na begi moja, akaenda kwa Tantine Victoire, dada wa Kaswera, anayeuza chai na mikate kwa wafanyakazi wa uwanja wa ndege huko Bangboka.

Wiki moja ikapita. Kaswera akanunua mega mpya. Siku ya pili zikawa zimekwisha.

Alikaa akiitazama simu yake kwa muda mrefu. Annette hayupo. Hakuna mtu mwingine anayeigusa mashine. Basi nani anakula? Asubuhi yake alifunga duka akamwita Merdi, mama wa watoto wawili anayetengeneza kompyuta za wanafunzi karibu na chuo kikuu, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Merdi alifunua kitambaa chenye maua, akawasha, akatafuta ni programu gani inayomaliza mega. Hakuchukua nusu saa.

"Mama Kaswera, kuna mouchard ndani. Programu ya kuchungulia. Kila kitu unaandika, inaandika nayo. Kila dakika tano inapiga picha ya skrini, inatuma inje. Ni njo inakula mega zako."

"Iliingia lini?"

Merdi akasoma tarehe. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga, saa nane na dakika ishirini mchana.

"Na antivirus yako imezimwa ile siku ile ile," Merdi akaongeza. "Kuna mutu aliizima na mukono. Ni nani?"

Kaswera alisimama, akaenda uani, akapiga teke ndoo tupu mpaka ikagonga ukuta wa jirani. Alimchukia Kasereka kwa nguvu zake zote, mtu aliyetumia uso wa ndugu yake maiti kuingiza wizi ndani ya nyumba. Akamchukia kwa machozi yale. Kisha akakumbuka Annette akinong'ona, tuache kwanza hii, na chuki ikaanza kugeuka upande asioutaka. Akairudisha kwa Kasereka haraka.

Aliporudi sebuleni, Merdi alikuwa tayari kuifuta programu ile.

"Wacha kwanza," Kaswera akasema. "Anataka kusoma. Tumupatie ya kusoma."

"Mama, ni hatari. Bon, lakini usiandike code yako ya siri ata moja. Na zile za zamani, tunazibadilisha leo, ndani ya simu yangu, haiko hapa."

Ukweli ni kwamba Kaswera alikuwa na shahidi wa tatu ambaye hakuwahi kumwandika popote: mzee Aboubakar, aliyewauzia parseli ile, Mwislamu wa familia kongwe za mji huu, anayeishi mtaa wa Tshopo nyuma ya msikiti na hatoki nje kwa sababu ya magoti. Kaswera alikwenda kwake kwa miguu. Mzee alikumbuka kila kitu, hata gunia la maharagwe aliloongezewa siku ya kutia sahihi. Baada ya hapo Kaswera akampitia wakili, akamwambia kwa mdomo asiamini barua yoyote itakayomfikia.

Jioni ile alikaa mbele ya kompyuta akaandika kwa vidole vyake viwili: shahidi wangu mkubwa ni Aboubakar, aliyetuuzia, amehamia Basoko, anavua samaki, kesi ikiitwa nitamfuata kwa boti ya baleinière.

Siku mbili baadaye Kasereka akaja kuaga, mtu wa adabu.

"Mama Annette, nashuka Basoko kidogo. Kuna bei muzuri ya samaki ya moshi."

"Safari njema, shemeji. Ngoja nikufungie chakula."

Naye akamfungia. Alimpondea lituma kwa mchi, ndizi zikisagika kwa hasira mpaka zikawa laini kuliko siku zote, akaweka na samaki, akavifunga kwa majani. Kasereka akashukuru. Boti ikamteremsha mtoni siku mbili nzima, juu ya magunia, chini ya turubai.

Wakati yeye akiuliza nyumba kwa nyumba kule Basoko, mzee Aboubakar alipelekwa mahakamani kwa toleka, ameshikilia kiuno cha mwendesha baiskeli, akasema yote aliyoyaona. Siku ya nane tangu boti iondoke, Kaswera akawa na karatasi yenye muhuri: yeye ndiye likidateri. Akawaita wazee wa ukoo wa mumewe nyumbani, awasomee.

Walikuwa wamekaa sebuleni, watu sita, chai mezani, Kasereka alipoingia. Alikuwa ametoka bandarini moja kwa moja, uso umeungua, viatu vina matope, na alikuwa na hasira kuliko akili.

"Mama Annette, wewe ni mutu wa uongo," akasema. "Hakuna Aboubakar Basoko. Nimezunguka siku tatu. Batu ya kule hawajui ata ile jina."

Chai ikasimama mikononi mwa wazee.

"Ni nani alikuambia Aboubakar iko Basoko?" Kaswera akauliza. "Mi nilimuandikia mutu moja tu, ndani ya mashini hii. Waambie wazee vile ulisoma."

Kasereka alitazama kompyuta. Akatazama wazee. Alijaribu kusema kwamba alikuwa akilinda mali ya ndugu yake, na kaka yao mkubwa akamwambia akae chini. Kaswera hakumwachia nafasi. Alimwambia kuhusu picha ya maporomoko, kuhusu kofia mkononi, kuhusu kilio. Aliongea mpaka sauti ikamkauka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akachoka kabla hasira haijaisha.

Kesho yake Merdi aliifuta kompyuta yote na kuipanga upya, akaweka antivirusi mpya, na akaifunga njia ya kuizima kwa neno la siri refu. "Na flashi ya mutu yeyote ipimwe kwanza," akasema. Kaswera akachukua kadi, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika ukutani: FLASHI YOTE IPIMWE KWANZA, ATA YA MUTOTO WA HAPA.

Kisha akapanda pikipiki kwenda Bangboka.

Annette alikuwa akiosha vikombe nyuma ya meza ya Victoire. Alimwona mama yake akija, akaendelea kuosha. Kaswera alikuwa amepanga maneno njia nzima, ya Kasereka, ya boti, ya wazee, na alipofika yakabaki mawili.

"Nilikosa, Annette."

Binti alipangusa mikono, akaenda kuchukua begi. Wakapanda pikipiki moja kurudi Kabondo.

Sebuleni Annette alisimama mbele ya kadi ile, akaisoma yote. Akavua flashi aliyoining'iniza shingoni, iliyo na masomo yake, akamwekea mama yake kiganjani.

"Pima, mama."

"Yako haina haja."

"Umeandika ata ya mutoto wa hapa. Pima."

Umeme ulikuwepo. Kaswera akafunua kitambaa, akawasha, akachomeka. Mstari mdogo ukatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha maandishi ya kijani yakatokea: hakuna kilichopatikana.

"Mashini imesema niko safi," Annette akasema. "Unaiamini?"

"Naiamini."

"Mi nilikuambia neno ile ile. Nikapiga magoti pale mulangoni, nikakupa simu usome. Haukupima."

Kaswera alitafuta mtu wa kumkasirikia, kama alivyozoea, na sebule haikuwa na mwingine. Annette alichomoa flashi yake, akaivaa tena shingoni, akaenda jikoni kuona kama kuna kitu cha kula. Mama yake alibaki kwenye kiti, kitambaa mapajani, na hakuifunika mashine.