Ngazi ya Kezia, na mume anayeishika

Saa moja asubuhi, mtaa wa Umoja. Katika kichochoro kinachotenganisha ploti mbili za nyumba za kupanga, Kezia Awiti amesimama juu ya ngazi, kichwa chake kikiwa usawa wa mabati. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa ukuta. Wa kulia unachota takataka kutoka kwenye gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa. Anachotea kipande cha mtungi wa plastiki kilichokatwa kikawa mfano wa upawa.

Yanatoka majani makavu, vumbi lililogeuka tope, mifuko, na gurudumu la gari la kuchezea la mtoto. Yote yanaingia kwenye ndoo iliyoning'inia kando yake kwa kamba.

Chini yake, mumewe, Gordon Obonyo, ameketi kwenye kigoda akiwa amekumbatia miguu ya ngazi kwa mikono yote miwili. Magongo yake yameegemezwa ukutani. Kusimama kwa muda mrefu hawezi, lakini akikaa hivyo, anasema, hakuna wa kuitikisa ngazi hii.

Pande zote mbili za kichochoro kuna watu wanaosubiri. Mama mmoja ana beseni la nguo kichwani. Kijana mmoja aliyevaa shati la kazini anatazama simu yake kila mara.

"Buda, nipitishe tu hapo kwa side. Nimechelewa job," kijana anasema.

"Atashuka, utapita," Gordon anamjibu bila kupandisha sauti. "Akiwa juu, hapa hapiti mtu."

Kijana anasonya, anageuka kwenda kuzunguka njia ndefu. Mama wa beseni anatikisa kichwa, anautua mzigo wake na kuukalia ukingo wa mtaro. Yeye keshaizoea sheria hii. Hapa mtaani kuna wanaomwita Gordon "Trafiki", na si kwa mapenzi.

Lakini anayejua sheria ya Trafiki ilitoka wapi hawezi kucheka.

Gordon, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alizaliwa Makongeni, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Huko ndiko alikoanza kupanda mapaa akiwa kijana, akiwazibulia majirani gata kila mvua ilipokaribia. Alipomwoa Kezia wakahamia Umoja, aliigeuza kazi hiyo kuwa riziki. Yeye alipanda, mkewe alishika ngazi.

Umoja ni mahali pagumu kwa ngazi. Nyumba zilijengwa zikiwa na nafasi ya kutosha, kisha kila mwenye nyumba akaongeza chumba mbele, akaongeza kingine nyuma, hadi nyua zikageuka vichochoro. Ukisimamisha ngazi, umefunga njia ya watu. Ndiyo maana mshika ngazi wa Umoja ana kazi mbili. Anashika, na mtu akija anajibana kando ampishe, kwa sababu ndiyo adabu. Ukikataa kumpisha jirani utaonekana huna malezi.

Miaka miwili iliyopita, mvua za masika zikianza kunyesha, alikuja mtu akisukuma wilibaro iliyojaa mitungi ya maji. Kezia alifanya kama alivyofanya siku zote. Alijibana kando.

"Alisema, 'Samahani, mama,' nami nikamwambia, 'Pita tu,'" anasimulia. "Nilitoa mkono mmoja. Halafu nikaona njia ni nyembamba, nikatoa na wa pili."

Wilibaro iligusa mguu wa ngazi. Gordon, akihisi anakwenda, alidaka kitu kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa gata yenyewe. Gata iling'oka, ikashuka naye. Nyonga ilivunjika vibaya. Alilazwa miezi minne, na alipotoka mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Katika muda wote huo hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja.

"Afadhali angenigombeza," Kezia anasema, akitazama mikono yake. "Mtu akikugombeza unalia, yanaisha. Yeye aliniuliza tu kama nimekula."

Karo ya binti yao, Whitney, haikungoja nyonga ipone. Kezia alianza kupanda yeye mwenyewe, na miezi ya kwanza alipanda peke yake, ngazi ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Siku moja alipotoka kwenda kazini alimkuta Gordon mlangoni na magongo yake, kigoda kikiwa begani.

"Twende," alimwambia.

Tangu siku hiyo ndiye mshika ngazi, na tangu siku hiyo hakuna anayepita.

Lakini sheria hiyo inawagharimu. Nyumba moja huwaletea shilingi elfu moja na mia mbili. Zamani walipata nyumba tano kwa wiki, siku hizi wakipata mbili wanashukuru. Wapangaji wanalalamika, na malalamiko ya wapangaji huishia kwa mwenye nyumba.

"Mama Whitney, kazi yako sina neno nayo," alimwambia Wacera, mwanamke mwenye ploti tatu ambaye ni mteja wao wa miaka mingi. "Shida yangu ni njia. Mpangaji wangu alikosa interview akingojea mzee amruhusu. Sasa mimi nimwambie nini?"

Wacera hakuishia kulalamika. Alimleta Ndeti, fundi kijana anayeunda na kuuza mashine za kufyonza takataka za gata. Mashine yenyewe ni pipa dogo lenye magurudumu, jamaa ya zile za kusafishia mazulia. Mabomba yake mepesi huungwa moja baada ya jingine hadi yafike kwenye paa, na kwenye ncha kuna kamera inayoonyesha picha kwenye simu. Anayeitumia husimama chini, mahali popote.

Ndeti aliijaribu Alhamisi iliyopita kwenye ploti ya Wacera, Kezia akiwa ameshika bomba. Gordon aliketi barazani, mbali kidogo, mikono juu ya mapaja.

Mashine haikuwa malaika. Tope bichi liliikohoza. Kisha ikanyamaza kabisa, na Ndeti alipofungua kiungo cha bomba akakuta mfupa wa mbuzi. Mwewe huokota mifupa kule Kiamaiko kwenye machinjio na kuja kuilia juu ya mapaa ya watu. Mkono wa Kezia ungeutoa mfupa ule mara moja, na kila mtu pale alilijua hilo.

Lakini majani na vumbi vilikwisha gata nzima, na watu walipita chini ya lile bomba wakienda zao. Walimsalimia Gordon kwa heshima, "Habari ya asubuhi, mzee," naye akawaitikia mmoja mmoja. Hakuna aliyehitaji ruhusa yake.

Ndeti alipoizima mashine, wote walimgeukia Gordon.

"Inafanya kazi," alisema, akaanza kutafuta magongo yake.

Kezia anasema moyo ulimuuma kuliko siku ile ya wilibaro. Walirudi nyumbani polepole, na walipofika kwenye kibanda cha muuza mboga, Gordon alisimama kupumzisha mguu.

"Ukichukua ile mashine, mimi nitafanya nini?" aliuliza.

"Utapumzika, Baba Whitney."

"Nilipumzika wodini miezi minne. Nakujua kupumzika kulivyo."

Hapo ndipo Kezia alipomwambia neno alilolibeba muda mrefu. Alimwambia kwamba akiwa juu ya ngazi haogopi urefu, wala nyaya za stima, wala bati bovu.

"Naogopa kukuangukia," alisema. "Nikiteleza, niko juu yako. Mtu mwingine ataruka kando. Wewe huwezi. Kila nikipanda naomba Mungu, si kwa ajili yangu."

Gordon alihamisha uzito wake kutoka gongo moja hadi jingine.

"Mimi nilifikiri unaogopa nitaiachilia," alisema.

"Kama mimi nilivyoiachilia?"

"Sikusema hivyo."

"Najua hukusema. Hujawahi kusema."

"Sijasema kwa sababu sina la kusema," Gordon alimjibu. "Unafikiri kwa nini nilitoka na magongo nikaja kukaa chini ya ngazi? Ningebaki nyumbani, ungesema nimeiogopa ngazi, na kwamba wewe ndiye uliyeniogopesha. Nilitaka uone siogopi."

Kezia naye, anasema, kilichompandisha ngazini miezi ile ya kwanza haikuwa karo peke yake. Alitaka kulipa. Aliona ni haki yeye akae juu, mahali mumewe alipotolewa. Kwa karibu miaka miwili mmoja amepanda na mwingine ameshika, kila mmoja akimfanyia mwenzake, na hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Ni jambo la kuhuzunisha, hasa ukiwatazama wanavyokaa pamoja, watu wasiokosa la kuzungumza. Wanaongea juu ya bei ya unga, juu ya kwaya ya kanisani, juu ya Whitney na masomo yake. Jambo moja tu ndilo lililowashinda kulitamka.

Jumapili baada ya ibada, Kezia alikwenda kwa wenzake wa chama cha kukopeshana, akaomba mkopo wa kulipia nusu ya bei ya mashine. Nusu iliyobaki Ndeti amekubali ilipwe kidogo kidogo. Gordon hakupinga. Aliomba jambo moja tu, kwamba ngazi isiuzwe, kwa sababu mifupa ya mwewe itaendelea kuhitaji mkono.

"Nikamwambia sawa, ngazi ibaki," Kezia anasema. "Lakini mashine ikishafika, siku ya kupanda tutatafuta kijana mwenye nguvu ashike. Wewe hutakaa tena chini yangu. Naye akasema, 'Basi huyo kijana nitamfundisha mimi.'"

Kezia anatabasamu akilisimulia hilo, kisha tabasamu linaondoka. Mbingu juu ya Umoja zimeanza kuwa nzito, na anataka mashine ifike kabla mvua haijanyesha sawasawa. Ana hesabu zake za wateja wa kurudisha, Wacera akiwa wa kwanza. Lakini ukimuuliza anachotarajia hasa, hataji wateja.

"Siku ile mvua ilimkuta yeye juu," anasema. "Miaka hii miwili imenikuta mimi juu. Hii inayokuja, nataka itukute chini sote wawili."