Dansi Baada ya Mkwaruzo

Mke wangu alikuwa mshonaji, mimi fundi viatu. Chumba kimoja kilitutosha: cherehani yake dirishani, kigoda changu mlangoni. Siku ya mapumziko tulitazama filamu ileile ya Kikorea, ya muuza maua na kijana anayefagia ukumbi wa dansi.

Sidii yetu ilikuwa na mkwaruzo. Wapendanao wakikutana tena stesheni, picha inaganda. Hapo mke wangu husukuma meza ukutani.

"Mimi niliiona yote kwa shangazi," aliniambia mara ya kwanza. "Hapo wanacheza. Simama nikufundishe."

Mimi ni mtu wa haya. Hata harusini kwetu sikucheza. Lakini mlango ukishafungwa nilimfuata: hatua mbili kushoto, moja nyuma, kisha anazunguka chini ya mkono wangu.

"We Mzee Gundi, inua miguu! Unabandika soli?"

Mwaka jana maradhi yalimchukua. Kila nikifunga kazi nilizipitia hatua zake peke yangu, mpaka jioni moja nikafika pale anapozunguka, nisijue kinachofuata. Alikuwa akifanya kitu na bega. La kushoto? La kulia? Kichwa kitupu.

Nikampigia simu binti yetu, nikamweleza.

"Baba, si ungesema! Filamu hiyo ipo kwenye simu, nzima."

Alipokuja, aliegemeza simu kwenye cherehani ya mama yake. Meza nilikuwa nimeshaisukuma. Viatu nilikuwa nimeshavipiga rangi.

Stesheni ikafika. Picha haikuganda. Msichana akampa kijana mkono wa kwaheri, akapanda treni. Kijana akabaki ameshika ufagio. Maandishi yakaanza kupanda.

"Rudisha nyuma," nikasema. "Umeruka."

Akarudisha. Treni ikaondoka tena.

"Hawachezi, Baba."

"Mama yako aliiona kwa shangazi yake."

"Shangazi yupi? Alikuwa naye mmoja tu, na hakuwa na televisheni maisha yake yote."

Nilicheka, jamani. Mwanamke yule! Kumbe dansi yote aliitunga mwenyewe, apate kuniinua kitini. Kisha nikaacha kucheka. Hatua zile hazikuwa popote duniani ila kwake, na kwangu niliyezisahau.

Binti akafuta macho, akaninyooshea mkono.

"Nionyeshe unazokumbuka."

Mbili kushoto, moja nyuma. Akazunguka chini ya mkono wangu. Tukasimama hapo katikati ya chumba, kila mmoja akimngoja mwenzake.