Kutanua Barabara ya Uhuru

Barabara ya Uhuru ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Sisi tunaoendesha humo tunajua ziko nne, kwa sababu foleni ikisimama kidogo tu kuna mtu atatanua: anachomoka kwenye mstari, anapita upande wa wanaokuja, na akikwama anawasha taa zote za tahadhari kama mwenye mgonjwa, kisha anatoa mkono dirishani kuomba nafasi. Mimi simpi mtu. Nabana gari la mbele hadi paka asipite, na nikitukanwa najibu.

Siku aliyofariki shangazi yangu, aliyenilea kama mtoto wa kumzaa, nilikuwa kazini Kivukoni. Mdogo wangu wa kiume alinipigia mchana.

"Dada, wahi. Tunazika Kisutu, tukishaswali alasiri tu."

Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Kuaga kunaishia nyumbani, kabla uso haujafunikwa. Nikiukosa uso ule, basi tena.

Nyumba yake iko Mchikichini, si mbali. Nilipofika usawa wa Kariakoo nikasimama. Kushoto kwangu mkokoteni wenye marobota ya mitumba, kulia bajaji, nyuma bodaboda zimejaza kila upenyo. Waliotanua upande wetu walikuwa wamekutana pua kwa pua na waliotanua upande wa pili, kila mmoja anamwambia mwenzake arudi nyuma. Arudi wapi? Nikataka kuacha gari nikimbie kwa miguu, mlango haukufunguka hata wa kupitisha mkono. Nililia kwa hasira, nikawalaani wote waliowahi kupewa leseni.

"Mama, sogea kidogo nichomeke," akasema dereva wa bajaji.

"Pita juu ya bati!"

Akacheka. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa na hatukuwa tumesogea. Nikampigia mdogo wangu, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena.

Muda ukapita. Kisha mbele, upande wa wanaokuja, ikatokea pikapu iliyowasha taa zote. Nikasema haya, mwongo mwingine huyo, nikalalia honi. Ndipo nikasikia sauti za wanaume wakivuta La ilaha illa Llah.

Kwa msiba hapa mjini hakuna anayebisha. Waliokuwa wakitukanana wakakunja usukani, mkokoteni ukanyanyuliwa hadi kibarazani kwa wauza viatu, na pasipokuwa na nafasi ikapatikana. Nami nikapandisha tairi pembeni, bajaji ikaingia mbele yangu. Nikajitanda mtandio vizuri, nikamwombea maiti wa watu.

Pikapu ikapita taratibu, karibu kabisa na dirisha langu. Nyuma, kando ya jeneza, alikaa mdogo wangu, mkono mmoja ameshikilia kitambaa cha kijani kisipeperuke. Akaniona. Akafumbua mdomo, lakini pikapu haikusimama, isingeweza kusimama. Magari yaliyodandia msafara ili nayo yapite yakaifuata yakibanana, na nafasi yote ikaziba.

Dereva wa bajaji alikuwa amevua kofia. Akaniona nimegeuka kuifuata pikapu kwa macho.

"Unamfahamu marehemu, mama?"

"Shangazi yangu."

Akageuka, akatazama nyuma yetu, akatazama mbele.

"Pole sana, mama," akasema. "Ila hapa huwezi kugeuza."