Asubuhi Niliyomrudisha Mawazo

Mitumbwi mitatu ya mume wangu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu kama wavuvi wa Kivu wanavyofanya, ilikuwa inarudi na asubuhi, watu wakiimba ili makasia yaende sawa. Mimi nilikuwa uani natandaza nyavu za kuanikia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Sishuki ufukweni. Mi ni mtu wa nyumbani, na kile kilima cha kurudi nakiheshimu. Lakini wimbo hupanda wenyewe. Mume wangu ndiye mwanzishaji, na siku hizo alikuwa ameingiza humo jina: Mawazo, kuya ubebe, yaani njoo ubebe.

Mawazo alikuwa mchuuzi wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Kila asubuhi alivuka kuja upande wetu, akaja kununua sambaza kwangu, tukakaa tukizichambua mpaka saa sita ndipo arudi. Alicheka vizuri, hilo ndilo kosa lake. Mimi nimemzalia mtu watoto wanne, na katika wimbo simo hata kwa herufi moja. Nilipomlalamikia, mume wangu alisema jina langu, Uwimbabazi, ni refu, lingezamisha mtumbwi.

Kwetu beseni likipinduliwa mlangoni, maana yake samaki wamekwisha, na mtu haulizi zaidi. Siku ile jikoni sambaza zilijaa ndoo mbili. Nikapindua beseni.

Mawazo akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama Aline, ata kidogo haiko?"

"Haiko, dada."

"Bon, mi narudia kwetu. Kesho unichungie yangu."

Ilikuwa saa moja. Milio ya bunduki upande wa pili wa mpaka tulikuwa tumeizoea, kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Nikaingia jikoni nimeridhika kabisa, nikajimiminia chai.

Chai haikuwahi kupoa.

Bomu la kwanza lilianguka upande wetu. Mabati yakatetemeka.

Nikaingia chini ya kitanda. Tuseme kichwa na mabega viliingia. Sehemu zangu nyingine zilibaki nje zikisubiri.

La pili.

Mume wangu akafika mbio, akawalaza watoto kando ya ukuta, akawagusa mmoja mmoja. Kisha akauliza:

"Mawazo iko wapi?"

Hata hapo niliona wivu. Nikasema hakuja.

Mpaka ulifungwa. Ulipofunguliwa, dada yake Mawazo alivuka akaja mpaka uani kwetu. Alitueleza kwamba bomu lilimkuta Mawazo mlangoni pake kule Goma asubuhi ileile, hajavua hata viatu. Jambo moja tu lilimsumbua: kwa nini siku ile alirudi mapema hivyo, yeye ambaye hakuwahi kurudi kabla ya mchana?

Mume wangu alinitazama.

"Nilimrudisha mimi," nikasema. "Sambaza zilikuwepo."

Yule dada aliomba maji, akanywa, akaenda. Mume wangu akakaa juu ya nyavu akalia, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia, hata kwa msiba wa mama yake. Nikayaonea wivu machozi yale pia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hajanigombeza. Angenigombeza ningekuwa na la kujibu, najua kujibu. Anakula, anashukuru, anakwenda ziwani. Makasia yanarudi bila jina la mtu. Wachuuzi wengine wanavuka, nawauzia wote, na wanaochelewa nawawekea. Wanasema siku hizi Mama Aline amekuwa mwema. Ni saa tano tu nilizomnyima Mawazo, kutoka saa moja mpaka saa sita, na sina pa kuzirudishia.