Mbwa wa Ukweni Aliyenikataa Mara Mbili

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Rodi Kopany, kijana wa kutoka upande wa Migori, na nilikuwa nimempata msichana wa kuoa. Yeye alikuwa amekubali. Baba yake alikuwa amekubali. Aliyekuwa bado ni mbwa.

Ngoja nieleze, maana najua unadhani natania. Nyumbani kwao, upande wa Magunga, aliishi shangazi yake, dada mkubwa wa baba mkwe, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho katika boma lile. Shangazi aliamini kwamba mbwa wao anajua mioyo ya watu. Aliwahi kumbwekea mtu aliyekuja kununua mbuzi, na wiki iliyofuata mtu huyo akakamatwa na mbuzi wa wizi. Tangu hapo, mgeni aliyebwekewa kidogo alisamehewa, na aliyebwekewa sana alitiliwa shaka. Kwamba mbwa huyo alimbwekea kila kiumbe, pamoja na padri na mawingu, hilo halikumsumbua mtu.

Mara ya kwanza nilikwenda na mshenga wangu, jagam kama tunavyomwita huku, mzee mfupi aliyejua njia zote za ukweni. Mbwa alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, amefungwa mnyororo kwenye kigingi karibu na lango. Alipotuona akalipuka. Mimi, kwa kutaka kuonekana mtu mwema, nikamkazia macho na kumchekea kwa meno yote thelathini na mawili.

Usifanye hivyo. Kwetu sisi meno ni furaha. Kwa mbwa asiyekujua, macho ya kukodoa na meno ya nje ni kama mtu kakunja ngumi mbele yako. Kisha nikaongeza kosa la pili: nikageuka na kukimbia. Kigingi kikang'oka, nikasikia mnyororo ukinifuata mavumbini. Mbele yangu palikuwa na mlango mmoja ulio wazi, nikaingia.

Palikuwa jikoni kwa mama mkwe.

Kwa desturi yetu, mwanamume anayeposa hasogei karibu na jiko la mama mkwe. Hukaa alipowekwa, hula alicholetewa, na huangalia chini. Mimi nilisimama katikati ya sufuria zake nikihema, naye ameshika mwiko wa ugali. Akajifunika uso kwa leso na kusema, "Karibu, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mwizi.

Nje, shangazi alikuwa ameshatoa hukumu. "Mnaona? Hii mbwa haijawahi kukosea mtu."

"Shangazi, mwalimu ni mtu mzuri," alisema mchumba wangu.

"Mbwa pia ni mtu mzuri. Na amekaa hapa miaka mingi kuliko huyo mwalimu wako." Akafikiri kidogo. "Aje tena. Lakini hii mbwa ikimkataa mara tatu, ng'ombe zake haziingii hapa. Hata zikija na bendi."

Mara ya pili mshenga alikuja na dawa. "Mdomo unaokula haubweki," alinifundisha, akanikabidhi karatasi iliyofungwa omena wakavu, wale dagaa wa ziwani. Nikaona ni hekima kubwa. Mbwa akabweka, nikamrushia omena. Akala kimya. Akabweka tena, nikamrushia tena. Akabweka, nikarusha. Tuliendelea hivyo kwa ushirikiano mzuri mpaka karatasi ikaisha. Hapo ndipo alipobweka kama ambaye hajawahi kubweka maishani, amesimama kwa miguu miwili ya nyuma, povu mdomoni, mnyororo umekaza.

"Yawa!" shangazi alisema, mikono kiunoni. "Leo imemkataa zaidi ya juzi. Mbili!"

Nilirudi Rodi Kopany nikiwa nusu mseja. Siku ya soko nikamkuta afisa wa mifugo akichanja mbwa dhidi ya kichaa, mbwa wamepangwa mstari wakiwa wamefungwa kamba za katani, kila mmoja akimtukana mwenzake. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akaweka sindano chini.

"Mwalimu," akasema, "darasani mtoto akipiga kelele, unampa peremende?"

"Hapana."

"Sasa mbona mbwa umempa? Umemwajiri. Kazi yake ni kukubwekea, mshahara ni omena. Mshahara ulipoisha, akaudai."

Kisha akaniuliza mbwa anaishije. Nikamwambia anafungwa kutwa langoni, na kwamba tangu alipokuwa mtoto walimlisha nyigu ndani ya ugali ili awe mkali. Afisa akatikisa kichwa.

"Nyigu hawamfanyi mbwa awe askari. Wanamfundisha tu kwamba mkono wa binadamu unaleta maumivu. Halafu fikiria hapo langoni. Mtu anapita njiani na safari zake, mbwa anabweka, mtu anatokomea. Kwa hesabu ya mbwa, yeye ndiye aliyemfukuza. Maisha yake yote hajawahi kushindwa! Ukali wake mwingi ni woga, mwalimu, woga uliozoea kushinda."

Nilimwandikia mchumba wangu barua ndefu, nadhani ndiyo barua ya mapenzi pekee katika wilaya ile iliyokuwa na habari za mnyororo. Alikuwa msichana jasiri. Alimfungua mbwa awe anazunguka ndani ya ua, akawa anamtembeza kwa kamba jioni, akapiga marufuku nyigu.

"Tulitaka awe mkali," baba mkwe alilalamika.

"Na amekuwa, baba. Sasa inatosha."

Akaniandikia kwamba mbwa amelala chini ya ghala mchana kutwa, na baba yake anadhani ni mgonjwa.

Ikabaki sehemu yangu. Mshenga, baada ya kukuna kidevu sana, alitoa uamuzi kwamba kusimama nje ya lango si ugeni, kwa hiyo haihesabiwi. Basi Jumamosi nne nilisimama njiani, mbali na ua wa minyaa, ubavu nimempa mbwa, macho nimeyatupa pembeni, mchumba wangu amemshika kamba. Akibweka, nilikuwa mti. Akinyamaza hata kwa pumzi moja, omena mmoja alidondoka. Jumamosi ya kwanza nilirudi na karibu omena wote. Kama una mbwa wa namna hii, usikate tamaa siku hiyo. Hakuna anayefaulu siku hiyo. Ya pili alinyamaza kidogo. Ya tatu tulisogea hatua kumi. Ya nne alininusa suruali kwa makini, kama karani anayesoma fomu, akapiga chafya, akaondoka.

Mara ya tatu rasmi tulikuja wanaume watano wenye makoti, ng'ombe wakiwa nyuma yetu na mchungaji wao. Kabla ya lango nikawapa somo: msimkodolee macho, msioneshe meno, msikimbie, mikono chini, mpeni ubavu. Baba yangu mdogo, anayeogopa mbwa kuliko kifo, alirudia kila neno kwa midomo.

Walikuwa wanafunzi wazuri mno. Tuliingia kwenye boma lile upandeupande kama kaa, tumetanguliza mabega, macho mbinguni, hakuna anayecheka, hakuna anayesalimu.

"Hawa watu wamekasirika?" baba mkwe aliuliza.

"Labda ndiyo desturi ya Migori," mama mkwe akajibu, bado amejifunika leso.

Mbwa alikuja, hana kamba. Akamnusa mshenga. Akafika kwa baba mdogo, akakaa hapo muda mrefu.

"Ananila?" baba mdogo alininong'oneza, bado anaangalia mawingu.

"Ananusa tu, baba. Pumua."

"Nitapumua akiondoka."

Akaondoka. Akanijia mimi, akanusa viatu, akazunguka mara mbili, akajilaza juu ya mguu wangu wa kushoto na kushusha pumzi ndefu. Shangazi akasogea hadi karibu. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akamtazama mbwa tena.

"Mmeona?" akauambia umati. "Niliwaambia hii mbwa haikosei. Zile mara mbili, huyu kijana alikuwa bado hajaiva. Sasa ameiva. Fungueni zizi!"

Vigelegele vikapasuka. Nikafungua mdomo nimweleze kuhusu mnyororo, na nyigu, na mbwa anayedhani hajawahi kushindwa. Nilikuwa na maelezo mazuri sana, yenye mifano. Mchumba wangu akanifinya mkono.

"Mwalimu," akanong'ona, "leo shule imefungwa."

Nikafunga mdomo, na ng'ombe wakaingia.