Injini Iliponyamaza Juu ya Mahindi

Nilipanda treni Tabora nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima. Dar es Salaam nikabadilisha treni, nikalala kwenye korido juu ya gunia la mtu. Nilipoamka Kahe, abiria walikuwa wamejazana dirishani wakitazama theluji ya mlimani. Mimi nilitazama kindege chekundu kikinyunyizia miwa dawa, chini kabisa, kivuli chake kikikifukuza.

Nilikitafuta mpaka nikakipata katika kiwanja kidogo cha ndege, Moshi, nikaomba kazi yoyote. Nikapewa ya kusukuma pampu ya petroli kwa mkono na kufukuza ng'ombe wasiingie njia ya kurukia. Rubani alikuwa kijana wa Marangu. Aliniita Mnyamwezi, nami nilimwita kaka. Aliniahidi kwamba masika yakiisha atanifundisha kurusha.

Asubuhi moja alitaka kuijaribu ndege baada ya matengenezo, akanipakia kiti cha nyuma. Tulikuwa tumeupita tu mwisho wa kiwanja, mabati ya nyumba za Shirimatunda bado makubwa chini yetu, injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Geuza, kaka! Kiwanja kiko nyuma!"

"Nikigeuza tumekufa. Shika mkanda."

Akainamisha pua ya ndege kuelekea ardhini. Mwili wangu wote ulikataa, lakini ndege isiyo na mwendo huanguka kama jiwe, na mwendo ndio aliokuwa akiutafuta. Katika ule ukimya nikasikia upepo kwenye mbawa, jogoo, mtu akichanja kuni. Nimezunguka miji mingi tangu hapo, sijausikia tena ulimwengu namna ile.

Kisha mahindi yakatupiga, tukasimama tumeinama upande.

Mwenye shamba, mama wa makamo, alikuja na jembe mkononi.

"Shikamoo, mama," rubani alisema.

"Marahaba. Na mahindi yangu nani atayaamkia?" Kisha akaona damu kwenye nyusi za rubani. "Wewe mtoto wa nani? Mama yako anajua?"

Kufikia jioni mama yake alikuwa anajua.

Jumapili, baada ya ibada, akashuka kutoka Marangu hadi kiwanjani, ameshika kwa mikono miwili jani la sale lililofungwa fundo. Kwa Wachagga, mkosaji akikuletea jani hilo humkatalii msamaha. Lakini mama huyu hakuwa na kosa lolote.

"Mama, usinifanyie hivi."

"Nimekuzaa, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Shuka huko juu."

"Si nimeshashuka? Muulize Mnyamwezi, tulishuka kwa kasi."

Hakucheka. Alisimama amenyoosha mikono, hakuishusha. Rubani akalipokea jani. Waliondoka pamoja, koti lake la kazi likabaki msumarini.

Rubani mwingine aliletwa kutoka Arusha. Alikuwa mtu mwema, ila hakupakia mtu. Nilisukuma pampu misimu miwili ya kahawa, nikitazama kiti cha nyuma kikiondoka kitupu, hadi nikashindwa kuvumilia.

Siku niliyoondoka, kaka alikuja stesheni na mkungu wa ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa kuchuma kahawa ya mama yake.

"Twende wote," nikamwambia. "Nasikia Mwanza kuna kazi za ndege."

"Jani nililipokea. Mama yu hai," akasema. "Na namwombea aishi sana."

Akanipitishia mkungu dirishani, akauachia treni ilipoanza kwenda.